Taa za Gari la Marlys

Katika kijiji cha Pelto, gari likigoma asubuhi ya baridi, mtu wa kwanza kupigiwa simu alikuwa Arvid Lehtola. Fundi mwenye kibao na ofisi alikuwa mjini, mwendo wa nusu saa barabara ikiwa nzuri, na kwetu barabara si nzuri kuanzia Novemba hadi Aprili. Arvid alikuwa ametunza mabasi ya shule ya wilaya tangu ujana wake hadi alipostaafu, na alipostaafu wakamfuata nyumbani. Gereji yake nyuma ya nyumba haikukosa kitu: leo mashine ya kukwangulia theluji, kesho tela la mashua lenye taa zisizowaka, keshokutwa trekta la mjane fulani. Hakumtoza mtu. Ukimletea mkate wa iliki alishukuru, usipomletea hakukukumbusha.

Alikuwa mtu mwema, na simsemi kwa kumpamba. Ila alikuwa na ila moja ambayo sote tuliijua na tukaichukulia kama utani: alipenda kuitwa, lakini hakupenda kuitwa mara ya pili. Ukirudi kumwambia kwamba kile alichokitengeneza kimeharibika tena, uso wake ulijifunga. Lazima kosa liwe la kiwanda, au la mafuta mabaya, au la mkono wako wewe mwenyewe.

Rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa Duane Perala, jirani wa ng'ambo ya barabara. Walikua pamoja, waliwinda kambi moja, na kila Jumamosi jioni waliingia pamoja sauna, kile chumba cha kuogea kwa mvuke wa mawe ya moto, wiki hii kwa Arvid, wiki ijayo kwa Duane. Mke wa Duane aliitwa Marlys. Alikuwa mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee huko mjini, mwanamke mfupi mwenye mikono ya nguvu na maneno machache, aliyetoka nyumbani kabla ya jua na kurudi jua likiwa limeshazama. Arvid alimwita shemeji, na Marlys naye alimtania kama shemeji anavyotaniwa.

Pikapu ya Marlys ilikuwa ya zamani. Vioo vya taa zake za mbele vilikuwa vimegeuka manjano kama meno ya mvuta kiko, na mwanga wake ulikuwa hafifu. Marlys alikuwa akimwambia mumewe kwamba siku hizi anaendesha kwa kukisia. Basi mwezi wa Oktoba Duane akaagiza taa mpya mtandaoni: balbu zenye mwanga mweupe mkali, pamoja na nyaya zake zenyewe zinazochukua umeme moja kwa moja kwenye betri, zikiwa na fyuzi na rilei, ile swichi ndogo inayojifunga kwa umeme. Jumamosi moja akazipeleka kwa Arvid.

Ilikuwa zamu ya Arvid, na sauna ilikuwa imeshawashwa. Bernice, mke wa Arvid, alikuwa amekwisha kuwaita kwamba mawe yameshika moto. Hata hivyo Arvid alifanya kazi yake vizuri. Alifungua vioo vile vya manjano akavisugua, akazitia balbu, akapitisha nyaya mbali na injini zisiungue, akazifunga kwa tepu. Ukabaki waya mmoja tu, ule mweusi unaourudisha umeme kwenye bodi ya gari. Mafundi huuita waya wa ethi. Ncha yake ina pete ya shaba, na pete hiyo hufungwa kwa bolti kwenye chuma. Sharti chuma chenyewe kiwe kitupu: unakwangua rangi, unakwangua kutu, mpaka king'ae. Umeme haupiti kwenye rangi. Hilo Arvid alilijua kama anavyolijua jina lake, na kule kwenye mabasi aliwahi kuwafokea vijana kwa kulisahau.

Lakini msasa ulikuwa kwenye sanduku jingine, na Duane alikuwa amesimama nyuma yake na taulo begani akimwuliza kama anafunga taa au anaunda meli. Arvid akaona bolti moja pale kwenye bodi karibu na betri. Ilikuwa imepakwa rangi, na kutu imeanza kuila pembeni. Akailegeza, akaiweka pete chini yake, akaikaza. Duane akawasha. Mwanga ukapiga ukuta wa banda la kuni, mweupe pe, hata ungeweza kuhesabu misumari. Wakacheka kwa furaha, wakaenda kuoga.

Majani yalipokwisha kuanguka, Marlys akampigia Arvid simu. Alisema taa ni nzuri, anaona hadi mwisho wa dunia, ila barabara ikiwa na mashimo zinakonyeza. Arvid akamwambia ndivyo zilivyo taa hizi za mtandaoni, balbu zinacheza kwenye matundu yake, azigonge kidogo kwa kiganja zitatulia. Marlys akashukuru.

Akapiga tena, siku moja kabla ya msimu wa kuwinda kulungu. Arvid alikuwa uani akipakia bunduki, mablanketi na sufuria za kambini. Safari hii Marlys hakuwa na utani. Alisema jana yake, alipokuwa akivuka reli, taa zote mbili zilizimika kabisa, akahesabu pumzi mbili tatu, halafu zikawaka tena zenyewe. Akauliza kama Arvid angeweza kulitazama gari jioni hiyo.

Arvid alihisi uso wake ukijifunga, ingawa hakuna aliyemwona. Akamwambia atazitazama akirudi kutoka kambini. Kisha, kwa kuwa kimya cha upande wa pili kilimkera, akaongeza: "Lakini shemeji, una hakika ni taa zinazokonyeza? Si wewe?"

Marlys alicheka kidogo, cheko la mtu aliyekwisha kukata tamaa na mazungumzo, akamtakia mawindo mema.

Ajali ilitokea siku ya tatu ya msimu, wanaume wote wakiwa porini. Marlys alikuwa anarudi kutoka kazini. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, na kwetu Novemba saa hiyo ni giza. Theluji ilikuwa ikianguka kwa ubavu. Barabara inapoteremka kuelekea kijito kuna kona, na kabla ya kona kuna mahali ambapo lami imepasuka. Gari lilipopita pale, taa zikatetemeka, zikazima. Marlys alikanyaga breki. Gari likateleza, likatoka barabarani, likashuka ukingoni hadi kwenye vichaka karibu na maji. Alivunjika nyonga na kifundo cha mkono. Alikaa mle ndani, baridi ikimwingia mifupani, hadi dereva wa gari la kukwangua theluji alipoona alama za magurudumu zinazotoka barabarani na zisizorudi.

Hilo lilikuwa pigo la kwanza. La pili lilikuja polepole, na kwa maoni yangu lilikuwa baya zaidi.

Asubuhi yake Clem Robichaud, mwenye gari la kuvuta magari, alikwenda kuitoa pikapu kule kijitoni. Alipoifikisha uwanjani kwake alizungusha swichi ya taa, kwa udadisi tu. Zikawaka. Kioo kimoja kilikuwa kimepasuka, lakini zote mbili zilikuwa zinawaka, nyeupe na imara. Clem akalisimulia hilo mkahawani, bila ubaya wowote, kama mtu anavyosimulia ajabu aliyoiona. Mchana ule kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba Marlys Perala anasema taa zilizimika, na kwamba taa hazina kasoro.

Kila aliyesikia alikuwa na maelezo yake, na yote yalikuwa ya upole. Askari wa kaunti aliandika kwamba dereva alishindwa kulimudu gari, akapendekeza apimwe macho na kumbukumbu kabla ya kurudishiwa leseni. Daktari alimwuliza kama huwa anapata kizunguzungu. Binti yake alikuja kutoka mbali, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamwambia mama amefanya kazi ya kutosha. Na Duane, ambaye hakuna aliyempenda Marlys kuliko yeye, alimkumbusha kwa sauti ya chini kwamba wiki chache kabla alisahau jiko likiwaka, na mwaka jana aliwahi kuisahau siku ya kuzaliwa ya mjukuu.

Marlys alibisha mwanzoni. Alisema alikuwa macho, alisema aliiona theluji ikiwa nyeupe kisha akaiona ikiwa nyeusi. Lakini mtu akiambiwa na kila ampendaye kwamba hakuona alichokiona, hufika mahali akachoka.

Arvid alirudi kutoka kambini siku ile ile aliyopata habari. Alikwenda hospitalini, akasimama miguuni pa kitanda na kofia mkononi. Aliposikia habari ya Clem, alihisi kifua kikifunguka. Taa zinawaka. Basi si taa. Akaishikilia habari hiyo kama mtu anayezama anavyoshika ubao. Usiku akilala nayo, mchana akila nayo. Lakini kila mara ile bolti yenye rangi ilirudi machoni pake, na simu ya Marlys ikarudi masikioni, na lile neno lake mwenyewe la utani, una hakika si wewe. Kwa sababu sasa kijiji kizima kilikuwa kinamwuliza Marlys swali lile lile, ila hawakuwa wanatania.

Karibu na Krismasi Marlys alirudishwa nyumbani. Bernice alipika chungu cha mchuzi wa nyama na viazi, wakavuka barabara kwenda kumwona. Marlys alikuwa amewekwa kwenye kiti karibu na jiko, fremu ya kutembelea ikiwa mbele yake. Alikuwa amepungua. Wakaongea habari za hali ya hewa na kanisa, Duane akaenda kutafuta kahawa, Bernice akamfuata kumsaidia. Marlys akamgeukia Arvid, akamwambia kama mtu anayemfariji mwenzake:

"Nimekuwa nikifikiri, Arvid. Labda nilizimika mimi, si taa."

Arvid alisema baadaye kwamba angependelea Marlys amtukane mbele ya kanisa zima kuliko kuambiwa neno lile kwa upole ule.

Asubuhi yake alichukua sanduku la vifaa akaenda uwanjani kwa Clem. Pikapu ilikuwa kwenye kona, theluji imeifunika hadi madirishani. Clem alimwachia ufunguo akarudi ndani kwenye moto.

Arvid alianza kazi kama anavyoanza fundi, lakini yeye mwenyewe alikiri kwamba hakuanza kwa moyo wa fundi. Alianza mbali na bolti yake. Alikuwa anatafuta mkosaji mwingine. Alichaji betri kwanza, kisha akaipima: nzima. Akaangalia fyuzi: nzima, na miguu yake haina kutu. Akaichomoa rilei akaisikiliza ikilia tiki, tiki, kila swichi ilipozungushwa. Akaibadilisha na nyingine, hakuna tofauti. Akazitoa balbu alizokuwa amezisingizia, akazitikisa, akavitazama viungo vyake. Zilikuwa zimekaa kwenye matundu yake kama meno ya kijana. Akafuata waya mwekundu kwa vidole toka betri hadi taa, akitafuta mahali palipochubuka. Hakupata. Taa ziliwaka zote mbili, tuli, zikimtazama.

Angeweza kuishia pale. Alifunga sanduku, akalifungua tena.

Kuna kipimo ambacho mafundi wavivu hukiruka. Unawasha taa, halafu unaweka ncha moja ya mita ya umeme kwenye upande hasi wa betri na ncha ya pili kwenye waya mweusi pale unapoingia kwenye taa. Njia ya kurudi ikiwa safi, mita haioni kitu, au inaona kidogo sana. Ikiwa chafu, mita inakuonyesha umeme unaopotea njiani. Arvid aliweka ncha zake. Namba ilikuwa kubwa kuliko inavyotakiwa, lakini si ya kutisha. Taa bado ziliwaka. Akainua mkono, akalipiga madigadi kwa kiganja.

Namba iliruka. Taa zikatetemeka, zikazima. Akabaki ameinama juu ya injini, na ndani ya ukimya ule hakusikia rilei ikiachia: bado imeshika, umeme unakwenda vizuri kabisa na hauna pa kurudia. Akapiga tena, zikawaka. Akapiga, zikazima.

Yaliyofuata aliyasimulia kwa shida. Alichukua spana akaifungua ile bolti. Chini ya pete rangi ilikuwa bado ipo, na pale ilipochubuka kutu imeota kama ukungu wa mkate. Akachukua msasa. Akakwangua mpaka chuma kikang'aa, akatia bolti mpya na wosha yenye meno, akakaza, akapaka grisi. Bolti ya zamani akaitia mfukoni. Akalipiga madigadi kwa nguvu zake zote, na taa hazikupepesa. Ndipo alipotambua alichokifanya: alikuwa ameufuta ushahidi. Hata leo hajui kama ilikuwa ni mazoea ya mikono iliyozoea kutengeneza, au ilikuwa hofu.

Clem akatoka na vikombe viwili vya kahawa. Akauliza ameona nini.

"Ziko sawa," Arvid alisema.

Na kweli, kwa wakati ule, zilikuwa sawa. Hilo ndilo lililomtesa: kwamba alipata uongo uliovaa nguo za kweli.

Uongo una miguu. Clem alisema mkahawani kwamba hata Arvid Lehtola amezipima taa na hakuona kitu, na neno la Arvid kuhusu umeme wa gari kwetu lilikuwa halina rufaa. Kabla ya wiki kuisha, Duane alivuka barabara kuja kumshukuru. Alimshika bega akasema amefanya wema mkubwa, kwa sababu sasa Marlys ametulia, hagombani tena na daktari. Ameandika barua ya kuacha kazi. Pikapu wataiuza vipuri. Arvid alimsikiliza hadi mwisho, akamwona akirudi kwake akikanyaga theluji.

Bernice ndiye aliyemfungua kinywa. Aliona mumewe hali chakula, na Jumamosi hakwenda sauna kwa Duane, akisingizia mgongo. Alipombana akamwambia yote: rangi, simu mbili, mita, msasa, maneno aliyomwambia Clem. Alisema kama mtu anayetapika, na alipomaliza alimtazama mkewe akisubiri aidha kulaumiwa au kufarijiwa. Bernice hakumpa lolote kati ya hayo.

"Umeniambia mimi," alisema. "Mimi siye niliyevunjika nyonga. Vaa koti."

Akina Perala walikuwa wanakula chakula cha mchana. Arvid alikataa kiti. Alisema yote akiwa amesimama kwenye zulia la mlangoni, theluji ikiyeyuka kwenye viatu vyake. Aliponisimulia nilidhani, kama yeye alivyodhani, kwamba Duane angesimama ampige. Badala yake Duane alitikisa kichwa kwa huruma.

"Ndugu yangu, najua unampenda Marlys," alisema. "Lakini usimchezee. Ndiyo kwanza amekubali. Wewe mwenyewe ulimwambia Clem ziko sawa."

"Nilizitengeneza kwanza, ndipo nikamwambia."

"Haya. Na kabla hujazitengeneza, Clem aliziwasha zikawaka. Hilo nalo?"

Arvid alieleza habari ya mtikisiko, ya gari lililosimama na gari linalokwenda. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia anaonekana mwongo, mzee anayebuni hadithi ili jirani apate usingizi. Hakuna kitu cha kuonyesha. Alikuwa amekikwangua kwa mkono wake mwenyewe. Ilimjia pale pale kwamba hivi ndivyo Marlys alivyokuwa ameketi kitandani, akiwaeleza watu wanaompenda jambo aliloliona, nao wakitikisa vichwa vile vile.

Marlys alikuwa ameweka kijiko chini. Hakumtazama mumewe.

"Nionyeshe," akasema.

Clem aliivuta pikapu hadi banda la trekta la Duane, ambamo mchana kulikuwa na giza la kutosha. Arvid alifanya kazi ambayo fundi hafundishwi: kuharibu. Aliitoa pete kwenye chuma safi, akaihamisha mahali penye rangi, akairudisha bolti ya zamani, akaikaza kama alivyoikaza siku ile ya sauna. Duane na Clem wakampandisha Marlys kwenye kiti cha dereva, polepole, kwani nyonga ilikuwa bado haijawa yake. Akazungusha swichi mwenyewe. Mwanga mweupe ukapiga mbao za ukuta.

Arvid akalipiga madigadi. Hakukutokea kitu. Duane akavuta pumzi kana kwamba anataka kusema basi inatosha. Arvid akapiga tena, na tena, mkono ukimwuma kwa baridi, na mara taa zikatetemeka, zikazima, na banda likawa jeusi.

Kisha sauti ya Marlys ikatoka garini.

"Hivyo hivyo. Zilitetemeka kwanza. Niliwaambia zilitetemeka kwanza."

Clem alivua kofia, akaivaa tena, akasema atakwenda mkahawani kuyarudisha maneno yake. Duane alisimama uso ukutani. Alimwendea mkewe, akaweka paji la uso wake juu ya mkono wa Marlys uliokuwa bado umeshika usukani, akasema maneno ambayo wengine hayakuwahusu.

Arvid alikuwa amekwisha kusogea kando kukusanya vifaa. Marlys akamwita kwa jina.

"Nilikupigia simu mara mbili."

"Ndiyo."

"Bolti naielewa. Mimi nimewahi kuweka chumvi mara mbili kwenye chakula cha watu mia. Mtu husahau. Lakini simu, Arvid. Ulikuwa ng'ambo ya barabara."

Arvid alifikiria kusema habari za kambi na za kupakia mizigo. Aliziacha.

"Sikutaka iwe kazi yangu ndiyo mbovu," alisema. "Ndiyo hiyo tu. Hakuna nyingine."

Marlys aliitika kwa kichwa, kama mtu aliyepewa bei ya kitu na sasa anaijua. Hakusema nimekusamehe, wala hakusema sitakusamehe. Aliomba ashushwe, miguu inaganda.

Arvid alikwenda kwa askari wa kaunti akaeleza yote, akatia sahihi. Taarifa ikaandikwa upya. Marlys alipimwa macho na kumbukumbu hata hivyo, kwa kupenda kwake, na akafaulu. Alimwambia Bernice alitaka karatasi ya kumwonyesha binti yake. Kazi ya jikoni hakuirudia. Kusimama kutwa juu ya nyonga ile hakukuwezekana tena, na hilo hakuna taarifa iliyoweza kulibadilisha. Mwezi wa Mei aliendesha gari, mwanzoni mchana tu, halafu jioni. Pikapu ilipelekwa kwa fundi wa mjini mwenye kibao na ofisi. Hakuna aliyesema kitu kuhusu hilo, na Arvid alipoiona ikipita kwenda huko aliingia ndani.

Majira ya baridi yale aliyamaliza akiwazungukia watu. Kila gari alilowahi kulifunga taa, redio au hita, alimwomba mwenyewe afungue boneti. Kila alipofika alitoa sababu kamili, hakuficha, na watu wakawa hawajui watazame wapi. Nyaya nyingi zilikuwa zimefungwa vizuri. Chache hazikuwa. Akiipata mbovu alimwita mwenye gari aje aione kabla hajaigusa.

Duane hakumsemesha hadi kiangazi. Kila mmoja alioga sauna yake peke yake, na moshi wa mabomba mawili ulipanda kila Jumamosi kutoka pande mbili za barabara. Ilikuwa huzuni kuuona. Mwezi wa Julai alikuja kuazima ngazi. Alipoirudisha walisimama wakaongea habari za paa lake linalovuja. Sasa wanaoga pamoja tena, si kila wiki.

Mimi niliwahi kumwuliza Arvid kama alipata nafuu baada ya kusema. Alisema uongo umemtoka, na hilo ni kitu, alikuwa hawezi kumeza chakula. Lakini kosa lenyewe halikutoka, kwa sababu halikai kwake, linakaa kwenye mguu wa Marlys, na kila baridi ikikaza anamwona akishuka ngazi za kanisa kwa upande, mguu mmoja kwanza, mkono kwenye chuma.

Theluji ikianguka, kabla kijiji hakijaamka, Arvid huvuka barabara na koleo na kuzisafisha ngazi za akina Perala hadi lango la gari. Hakuombwa. Duane humwacha. Siku nyingine Marlys hufungua mlango akamwambia kahawa ipo. Siku nyingine humwona kupitia dirisha, akaliacha pazia lilivyo, na Arvid humaliza ngazi ya mwisho akarudi kwake.